Mtambo wa upepo wa mtumba Singida: mzee anataka milioni 3.5, je inafika?

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mzee mmoja nje kidogo ya Singida mjini ana mtambo wa upepo wa nyumbani, alipewa na wamisionari waliokuwa wanaondoka miaka hiyo, ukamsaidia sana taa na redio, halafu umeme wa REA, ule mradi wa umeme vijijini, ukapita kijijini kwake akavuta kwa ile ada ya elfu 27 na tangu hapo mtambo umesimama tu juu ya nguzo. Sasa anauza. Bei yake milioni 3.5, "na hapo nimekuonea huruma mwanangu, hiki kitu kimetoka Marekani." Mnunuzi ni dada mmoja ana duka la vinywaji na kuku wa kuchoma kando ya barabara kuu upande wa Ikungi, nguzo ya TANESCO ya karibu iko kama kilomita mbili, anatumia sola. Mimi ni fundi wake wa sola, ndo akaniita, "fundi njoo uniambie kama hii bei ni ya ukweli au naibiwa."

Nianze na mtambo wenyewe. Ni Whisper 200 ya Southwest Windpower, kampuni ya Flagstaff kule Arizona. Mapanga matatu, duara lake mita 2.7 kutoka ncha hadi ncha, kichwa kizima kina kama kilo 30, kibandiko kinasema wati 1000, huu umefungwa kwa volti 24. Kwa wakati wake ilikuwa mashine nzuri na mzee haongopi anaposema ulikuwa na bei. Ila kampuni ilifunga mwaka 2013, kwa hiyo panga likivunjika leo hakuna ofisi ya kupiga simu, unatafuta kwa mtu aliyevunja wa kwake akauze spea, au unachonga. Hiyo peke yake inashusha bei kuliko umri, maana mtambo wa miaka 15 ambao spea zake zipo una heshima kuliko wa miaka 8 ambao hazipo.

Sasa hizo wati 1000. Hapa ndo kila mtu anapigwa, muuzaji na mnunuzi wote, na wala siyo uongo wa mzee, kimeandikwa. Wati 1000 inatoka upepo ukiwa mita 11.6 kwa sekunde, yaani ule upepo wa kukimbiza mabati. Ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa kwa kuambiwa ile siku moja aliyotoa lita nyingi kuliko zote. Nguvu iliyomo kwenye upepo inapanda kwa kasi mara kasi mara kasi, ina maana upepo ukipungua nusu, ukawa mita 5.8, nguvu haibaki nusu, inabaki sehemu moja ya nane, yaani wati 125. Mtambo wenyewe utakupa zaidi kidogo ya hiyo 125 maana kwenye upepo wa kati unachota vizuri kuliko kwenye dhoruba, lakini wati 1000 isahau kabisa. Kwa hiyo mi nikikuta mtambo wa mtumba sisomi wati kwanza, napima duara la mapanga. Duara ndo mdomo wa mtambo. Kuna mitambo inauzwa mitandaoni imeandikwa wati 2000 na duara lake halifiki mita moja na nusu, aisee hiyo ni stika tu.

Mzee akaja na hoja nyingine, na hii ina mashiko. Akasema Singida ndo mji wa upepo, wataalamu walishapima. Kweli walipima, takwimu inayonukuliwa sana ni mita 9.9 kwa sekunde pale Kititimo, na Makambako 8.9. Lakini hizo ni kwa kimo cha mita 30, sehemu iliyochaguliwa makusudi kwa sababu ina upepo, bila mwembe wala ghorofa mbele yake. Nguzo ya mzee ina mita 12, na upande upepo unakotokea kuna miti imekua hadi inakaribia kulingana na mapanga, bila shaka ilikuwa michanga wakati inasimikwa. Kanuni ambayo mafundi wa upepo dunia nzima wanaishika ni kwamba mapanga yawe juu kama mita 10 kupita kitu chochote kilicho ndani ya mita 100 hadi 150. Pale kwa mzee haipo hiyo, upepo unafika umevurugika, mkia unahangaika kulia kushoto, na kule kuhangaika ndo kunakula beringi.

Lakini kwa mzee hapatuhusu tena, tunahamia kwa dada. Kwake ni tambarare, vichaka, mwembe mmoja mkubwa karibu na duka, na nyuma kuna kamwinuko kenye kichuguu ambapo upepo unapita vizuri. Nikafungua ile ramani ya upepo ya dunia ya bure, Global Wind Atlas, ya Benki ya Dunia na chuo cha DTU cha Denmark, nikasogeza hadi kwenye eneo lake, ikanipa kama mita 5 kwa kimo cha mita 10. Ramani haijui mwembe wala banda la kuku, nikashusha hadi 4.5. Mnaona tofauti ya 4.5 na ile 9.9 ya Kititimo? Kwa macho ni kama mara mbili, kwa nguvu ni mara kumi na zaidi. Halafu Singida iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko pale kibandiko kilipopimiwa, nayo unaitoa.

Hesabu yangu ikawa hivi. Duara la mita 2.7 linafagia eneo la mita za mraba 5.7. Kwa upepo wa wastani 4.5, ukiweka na yale mapigo ya upepo mkali yanayobeba nguvu nyingi kuliko wastani unavyoonyesha, hapo inapita nguvu ya kama wati 500. Hakuna mashine inayoweza kuchota yote, Mjerumani Betz alishalimaliza hilo mwaka 1919, mwisho ni asilimia 59.3 na hiyo ni kwenye karatasi, mtambo mdogo wa zamani ukijumlisha na hasara za waya na kuchaji unapata kama 20. Yaani wati 100 za wastani usiku na mchana. Kwa siku uniti 2.4. Kwa mwezi uniti 72. Mtambo wa "kilowati moja"!

Uniti 72 ni pesa ngapi? Kwa mtu mwenye umeme wa TANESCO wa matumizi madogo, ule wa chini ya uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 122, kwa hiyo mtambo unamletea 8,784 kwa mwezi, laki na kidogo kwa mwaka. Milioni 3.5 ingerudi baada ya miaka 33. Ndo maana mzee mwenyewe aliuacha usimame, hakuhitaji fundi kumwambia. Nilimwambia hivyo hivyo kwa adabu, "mzee, wewe mwenyewe ulishaupigia bei siku ulipovuta umeme," akacheka, ila bei hakushusha.

Dada hana TANESCO, kwake kipimo ni sola. Na hapa ndo panauma kwa wanaouza mitambo ya upepo. Paneli moja ya wati 550 kwa jua la Singida, nikihesabu masaa matano na nusu ya jua kamili na kutoa hasara robo, inatoa karibu uniti 2.3 kwa siku. Paneli moja! Duka nililouliza paneli hiyo na vyuma vyake vya kufungia vinaingia kwenye laki 3 na nusu, haina beringi, haizunguki, haihitaji mtu kupanda nguzo. Miaka ile mtambo huu unatengenezwa wati moja ya paneli ilikuwa ghali kiasi kwamba upepo ulikuwa na maana sana kijijini, paneli zikaporomoka bei, upepo mdogo ukabaki pale pale. Mzee anauza kwa bei ya dunia ile.

Dada akaniuliza swali zuri, "lakini fundi paneli usiku haifanyi kazi, na mimi shida yangu ni alfajiri friza inazima." Ni kweli, na hii ndo sababu sikusema mtambo hauna thamani. Uniti inayoingia saa nane usiku ina thamani kuliko ya saa sita mchana maana haikulazimu kuihifadhi kwenye betri. Nikakadiria nusu ya zile 2.4 zinaingia giza likiwepo, kuhifadhi kiasi hicho kwenye lithiamu ni kama laki 6 za betri. Ila upepo wetu huku ni wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba unavuma mpaka mchanga unaingia kwenye ugali, mvua zikianza unalegea, Desemba hadi Machi kuna siku bendera hainyanyuki. Na Desemba hadi Machi ndo mawingu yapo na sola inalegea pia. Kwa hiyo betri ya ziada ataihitaji tu siku moja, mtambo haujamwondolea, umempunguzia. Nikakata nusu, laki 3. Jumlisha na laki 3 na nusu ya ile paneli moja: mtambo unaofanya kazi, umeshasimama kwake, una thamani ya laki 6 na nusu. Hiyo ndo dari. Juu ya hapo analipa mapenzi.

Sasa je unafanya kazi? Tukaulaza chini kwanza kiasi cha kuufikia kichwa, nguzo yake ni ya kulala na waya za kuvutia, bahati nzuri. Mtu asikuuzie mtambo ulio juu kwa maneno, ama uuone unazunguka siku ya upepo mita ikiwa imefungwa, ama uushushe.

Umeme wake ni mzima, nilianza na hapo. Nyaya tatu zinazoshuka nikaziachanisha, nikazungusha kwa mkono, mapanga yakaenda mepesi. Nikaziunganisha zote tatu pamoja, nikazungusha tena, yakawa mazito kama mtu ameshika breki, na uzito ni ule ule mzunguko mzima hakuna pa kurukaruka. Hiyo inakwambia sumaku zina nguvu na koili zote tatu zinafanya kazi, kipimo cha bure kabisa mtu yeyote anaweza. Halafu nikapima volti kati ya jozi za nyaya huku mtu anazungusha kwa mwendo mmoja, jozi zote tatu zikalingana. Zingetofautiana kidogo tu ningeondoka, kusuka upya koili za kitu ambacho michoro yake hupati ni kuzika hela.

Beringi ya mbele imekwisha, inasaga, unaisikia ukiweka bisibisi kwenye chuma na sikio kwenye mpini. Hiyo siyo ugonjwa, beringi ni kitu cha kubadilisha na namba iko ubavuni, maduka ya spea wanazo. Makaa yanayopitisha umeme pale juu inapogeukia yamebaki kipande. Bushi ya mkia imelika, mkia unaning'inia upande, na huo mkia siyo pambo, ndo unaokunja mtambo upepo ukizidi, ukikwama mtambo unaendelea kutazama dhoruba usoni hadi kitu kivunjike. Mapanga makali yake yamelika na mchanga wetu, siyo vibaya sana, lakini moja liliwahi kupasuka karibu na mwisho likazibwa na gundi ya faiba. Nikaomba mizani dukani tukapima moja moja, lile lenye kiraka lina gramu 40 zaidi. Gramu 40 mnaweza kuona ndogo, ila kwenye mkono wa zaidi ya mita moja ukizunguka mara mia kadhaa kwa dakika inatikisa nguzo nzima. Linasawazishwa kwa kuongeza uzito kwa wenzake, sawa, ila mimi panga lenye kiraka nalihesabu kama panga bovu, likiruka siku moja halichagui pa kutua.

Kubwa zaidi halikuwa kwenye mtambo, lilikuwa ukutani. Kontrola yake halisi, kile kidude kinachosimamia uchaji wa betri, haipo. Kuna fundi aliwahi kuja, akatoa kontrola na ile resista kubwa ya kumalizia umeme wa ziada, akafunga dayodi tu, zile za kugeuza umeme wa mtambo uwe wa betri, moja kwa moja kwenye betri. Betri zilichemka zikafa, mzee akadhani ni betri mbovu. Paneli ukiikata inakaa kimya tu. Mtambo wa upepo ukiukata na upepo upo unapagawa, unazunguka bila mzigo na volti zinapanda juu, kwa hiyo lazima muda wote uwe na pa kupeleka umeme, betri ikijaa resista ipokee.

Na dada ana lithiamu ya volti 48 na inveta yake ya 48, kama watu wengi sasa hivi. Mtambo ni wa 24. Kuusukuma uchaji 48 inabidi uzunguke karibu mara mbili ya kawaida ndo uanze kuingiza kitu, maana yake upepo mdogo, ambao ndo upepo wa siku nyingi, hauingizi chochote. Zaidi ya hapo lithiamu ina kidhibiti ndani, ikiona imejaa au imekosewa inajikata ghafla bila kuaga, na hapo tumerudi kwenye mtambo uliopagawa, kinachofuata ni kontrola kuungua, na inveta nayo ikiwa na bahati mbaya. Hiki kitu watu hawakiulizi kabisa wakinunua, wanauliza wati ngapi. Uliza volti ngapi, na nyumbani kwako kuna betri gani.

Nikamwekea dada gharama za kuufikisha mtambo kwake ukiwa mzima. Beringi, makaa na bushi laki na ishirini. Kontrola ya upepo inayopandisha volti, na resista yake, laki 4 na nusu ukiagiza. Kipande cha chini cha bomba la nguzo, niligonga na nyundo sauti ikabadilika kama nusu mita kutoka chini, kumeoza kwa ndani, kukata na kuchomelea elfu 80. Zege la nanga nne na kitako, nondo, Canter ya kubeba, vijana wa kusimika, laki 5. Jumla laki 11 na nusu. Na ukishamaliza unacho kitu cha laki 6 na nusu. Yaani kichwa cha mtambo kwa dada huyu, pale alipo, na betri aliyonayo, hata akipewa bure kinampa hasara.

Lakini kuna vitu vingine kwenye kile kinachouzwa ambavyo mzee wala hakuvitaja kwenye bei. Bomba za mabati za inchi 3 mita 12 pamoja na lile la kuinulia, toa nusu mita iliyooza. Waya za kuvutia na tanibako zake, zile skrubu za kukazia waya. Na waya wa shaba wa milimita za mraba 16, mita 45, wenye nyuzi tatu, umezikwa ndani ya bomba la plastiki, mzima kabisa. Ukitembea nao sokoni bomba, waya na vyuma hupati chini ya laki 5 na nusu. Nguzo na waya ndo mali, kichwa ni nyongeza. Nikamwambia dada, toa laki 6, ukipanda sana 7, na mzee ashushe mwenyewe.

Mzee alinuna. Akanikumbusha kwamba mtambo ulimsomeshea watoto, walisomea taa zake, na kweli huwezi kubisha kitu kama hicho na kikokotoo mkononi. Nikamwambia mzee kuna mtu ambaye kwake mtambo huu ni milioni na zaidi, mtu mwenye kilima wazi, asiye na TANESCO, mwenye betri za asidi za volti 24, na yeye mwenyewe fundi, au chuo cha ufundi kinachotaka kufundishia vijana. Nikampa muda amtafute. Baada ya wiki kadhaa akapiga simu kwa dada, siyo kwangu, akasema laki 9.

Na dada akataka kutoa! Nikamuuliza kwa nini, akanijibu "fundi, wewe unahesabu uniti, mimi nahesabu mabasi. Lile feni likizunguka pale barabarani hakuna dereva atapita bila kugeuza shingo." Sikuwa na jibu la haraka, maana tangazo la barabarani lina bei na yeye biashara yake anaijua kuliko mimi. Tukaketi upya. Nikamshauri kwa hilo asiuunganishe kabisa na lithiamu, aache 24 ibaki 24, betri mbili za asidi za mtumba na kontrola rahisi ya 24 yenye resista, ziendeshe taa za nje na muziki tu, friza ibaki kwenye sola aongeze paneli mbili. Hapo ile kontrola ya kupandisha volti inatoka kwenye bajeti, na mtambo ukizingua hauchomi kitu cha maana.

Wakakubaliana laki 7 na nusu. Nusu imelipwa, nusu ni nguzo ikiwa imelala chini na mapanga yote matatu yakiwa yametolewa bila ufa mpya, gharama ya kushusha ni ya mzee na wajukuu zake, mimi nasimamia ili mtu asikae chini ya bomba likishuka. Lile panga la kiraka nimemwambia dada sipandishi, mapanga matatu ya mbao anachonga fundi seremala kwa kufuata lile zima, tutapima na mizani kabla ya kufunga.

Kilichobaki ni pa kusimika. Mimi nataka kule nyuma kwenye kichuguu, waya wa mita 45 unafika bila kuunga na mwembe unakuwa mbali. Yeye anataka mbele ya duka, pembeni ya mwembe huo huo. Nimemwambia pale feni litakuwa linazunguka kwa kubahatisha, na yeye ananijibu kwamba mabasi hayapiti kichuguuni.